Majibu kwa wasomaji: Jina la toleo la pikapu na nchi inakotoka

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zinahusu pikapu zilizotumika, hasa zile zinazotoka Afrika Kusini, na tumechagua nne ambazo kwa pamoja zinagusa mambo makuu.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mkandarasi mdogo, ninaishi Tegeta na kazi zangu nyingi ziko Bagamoyo na Mkuranga. Nimeweka akiba ya kununua Toyota Hilux dabo kebini iliyotumika. Kila yadi ninayoingia ninatajiwa majina: S, SR, Raider, Legend, Revo, Prerunner, Rocco, na kila muuzaji anasema lake ndilo lililokamilika. Naomba unieleze tofauti yake hasa ni ipi, na kama bei kubwa ina maana kwamba gari ni salama zaidi.*

Ndugu yangu wa Tegeta, majina uliyotajiwa hayatoki katika soko moja, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganywa. S, SR, Raider na Legend ni majina ya Afrika Kusini, ambako Hilux huundwa katika kiwanda cha Prospecton mjini Durban. Revo, Prerunner na Rocco ni majina ya Thailand, ambako Hilux huundwa kwa wingi na kusafirishwa kwenda nchi nyingi. Kwa hiyo kabla hujauliza gari ni toleo gani, uliza liliuzwa jipya katika nchi gani, kwa sababu jina la toleo ni orodha ya vifaa ambavyo kampuni iliamua kuwapa wanunuzi wa nchi ile, kwa kuzingatia mifuko yao na sheria za serikali yao.

Kwa magari ya Afrika Kusini, S ni gari la kazi lenye vitu vya lazima na machache ya ziada. SR iko katikati. Raider ndilo toleo la juu ambalo watu wengi wanalifahamu, lenye rimu za aloi, skrini na viti vizuri zaidi. Jina la Legend lilianza mwaka 2019 kwa toleo la Legend 50, la kuadhimisha miaka 50 ya Hilux nchini humo. Hayo yote yanahusu starehe na mwonekano kuliko uwezo wa gari kupita kwenye tope. Raider si lazima iwe na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne. Ziko Raider nyingi za magurudumu mawili zilizoinuliwa kimo hivi kwamba ukizitazama ukiwa kando ya barabara huwezi kuzitofautisha na zile za magurudumu manne. Prerunner ya Thailand ni hivyo hivyo: imeinuliwa, lakini inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Jinsi ya kuhakikisha ni rahisi na haihitaji fundi. Katika Hilux ya kizazi cha nane, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, gari la magurudumu manne lina kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi chenye alama H2, H4 na L4. Kisha tandika gunia, lala chini mbele ya gari na utazame katikati ya magurudumu ya mbele. Unapaswa kuona difu ya mbele na shafti mbili fupi zinazotoka humo kwenda kwenye kila gurudumu. Usipoziona, hiyo ni gari ya magurudumu mawili, hata kama imebandikwa stika ya 4x4 ubavuni.

Sasa nije kwenye swali lako la usalama, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2016 shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, Euro NCAP, liliipima Hilux na kuipa alama mbili tofauti: nyota 3 ikiwa na vifaa vya kawaida, na nyota 5 ikiwa imeongezewa kifurushi cha vifaa vya usalama ambacho mnunuzi alipaswa kukichagua. Gari lilikuwa lile lile, lenye bodi ile ile na kutoka kampuni ile ile. Ndiyo maana nasema muuzaji anayekuambia "hii Hilux ina nyota tano" bado hajakuambia kitu, mpaka akueleze ni Hilux ya nchi gani na ina vifaa gani.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Mwaka 2018 Global NCAP, shirika la kimataifa la kupima usalama wa magari, katika kampeni yake ya magari salama kwa Afrika, iliipima Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika na ikaipa sifuri. Gari hilo lilikuwa na mifuko ya hewa miwili, lakini kebini yake haikuhimili mgongano, na mfuko wa hewa hauwezi kumwokoa dereva ambaye chumba alichokaa kimejikunja. Mwaka uliofuata shirika hilo liligonganisha NP300 mpya ya soko la Afrika na Nissan Navara iliyotumika ya mwaka 2015 kutoka Ulaya. Matokeo yalionyesha kwamba dereva wa gari jipya la Afrika huenda angepoteza maisha, ilhali yule wa gari kuukuu la Ulaya angetoka akitembea kwa miguu yake. Watengenezaji ni wale wale. Kilichotofautiana ni kile ambacho serikali na wanunuzi wa kila upande walikidai. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, uliufanya mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuserereka kuwa wa lazima kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014. Mahali ambapo sheria hailazimishi, kifaa hicho huwa miongoni mwa vitu vinavyoondolewa kwenye matoleo ya chini ili bei ishuke, na anayeathirika ni dereva ambaye hakuambiwa.

Kwa hiyo ukiwa yadi, usisome nembo ya nyuma peke yake. Washa swichi bila kuwasha injini na utazame taa za dashibodi. Taa ya mifuko ya hewa, ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) na ya mfumo wa kuzuia kuserereka zinapaswa kuwaka na, injini ikishawaka, kuzimika. Taa isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayobaki inawaka, kwa kuwa huenda kifaa hakipo, au gari liligongwa, mfuko ukapasuka na mtu akaondoa taa ili usijue. Tafuta pia kitufe chenye picha ya gari na mistari ya kupinda chini yake. Kikiwapo, gari lina mfumo huo.

Jambo moja kuhusu Japani, kwa sababu wauzaji wengi hupenda kulitaja jina hilo. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha Septemba 2017, ikiagizwa kutoka Thailand, kwa matoleo mawili tu ya X na Z, huku Z likiwa ndilo lenye vifaa vingi zaidi. Mtu akikuambia kwamba Hilux yake ya mwaka 2010 ilikuwa ikitembea kwenye barabara za Tokyo, mwombe karatasi. Yawezekana ilinunuliwa kupitia mfanyabiashara wa Japani, lakini maisha yake yalianzia nchi nyingine.

Kwa kazi yako, ambayo naamini inahusu saruji, nondo na njia za vumbi zinazogeuka tope wakati wa masika, ningechagua toleo la kati la magurudumu manne lenye mfumo wa kuzuia kuserereka, kuliko toleo la juu la magurudumu mawili lenye viti vya ngozi. Injini ya lita 2.4 itakutosha. Ile ya 2.8 ina nguvu zaidi, hasa baada ya kuboreshwa mwaka 2020, lakini utailipia kila utakaponunua mafuta. Tena usipakie kwa kukisia: mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja kamili, na hapo umeshafika au umekaribia kikomo cha pikapu nyingi za aina hii kabla abiria hawajapanda.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mama mfanyabiashara wa vinywaji Kigamboni. Shemeji yangu aliyeko Afrika Kusini amenitafutia Ford Ranger Wildtrak kwa bei ambayo ni karibu nusu ya ile ya yadi za hapa. Anasema gari limeshafika Maputo, karatasi zitafuata, na anataka nitume nusu ya fedha wiki hii. Watu wananitia hofu kwamba ni la wizi. Lakini Afrika Kusini ina serikali kubwa, mahakama na polisi wenye kompyuta. Gari la wizi lingewezaje kuvuka mpaka?*

Dada yangu, nakusihi usitume fedha hizo mpaka umalize kusoma jibu hili na kufanya yaliyomo.

Ni kweli kwamba Afrika Kusini ina taasisi nzito. Katiba yake ya mwaka 1996 inasifiwa duniani, mahakama zake zimewahi kutoa hukumu dhidi ya marais, na polisi wake huchapisha takwimu za uhalifu kila robo mwaka kwa uwazi ambao nchi nyingi hazina. Takwimu hizo hizo ndizo zinazotuambia kwamba katika mwaka wa 2022/23 kulikuwa na matukio zaidi ya 20,000 ya kupora magari kwa nguvu, mengi yakiwa katika jimbo la Gauteng lenye miji ya Johannesburg na Pretoria. Pikapu na magari ya familia ya kimo, yaani Hilux, Fortuner na Ranger, ni miongoni mwa yanayotafutwa sana, na matoleo ya juu ndiyo yanayopendwa zaidi kwa sababu yana wanunuzi nje ya mpaka. Wildtrak ni toleo la juu.

Njia inayojulikana ni ile ya kaskazini mwa KwaZulu-Natal, karibu na mji wa Manguzi, ambako mpaka na Msumbiji hupita katika mchanga na vichaka. Magari yalikuwa yakipita hapo kwa wingi hivi kwamba serikali iliamua kuweka vizuizi vya zege mpakani. Ujue basi kwamba gari linaweza kuwa Maputo bila kupita mbele ya afisa yeyote wa forodha, na neno la kwamba "limeshafika Maputo" lisikutulize. Kwangu mimi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana gari halali la kuja Dar es Salaam lina njia nyingine nyingi za kupita.

Wala kompyuta haimzidi mtu aliyekaa mbele yake. Julai 2025 kamishna wa polisi wa KwaZulu-Natal, Nhlanhla Mkhwanazi, alidai hadharani kwamba mitandao ya wahalifu imejipenyeza katika ngazi za juu za polisi na siasa. Rais Cyril Ramaphosa alimpa likizo waziri wa polisi na kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mbuyiseli Madlanga. Ninaheshimu nchi inayojichunguza hadharani namna hiyo. Lakini mnunuzi aliyeko Kigamboni anapaswa kuelewa kwamba muhuri mmoja juu ya karatasi haumalizi shaka, na kwamba kila karatasi ihakikiwe upya upande wetu.

Mwombe shemeji yako vitu vitatu kabla ya senti yoyote kutoka. Kwanza ni picha ya cheti cha usajili cha Afrika Kusini, kinachoitwa RC1, chenye jina la mwenye gari. Pili ni hati ya polisi ya Afrika Kusini ya kuthibitisha kwamba gari si la wizi na linaruhusiwa kutoka nchini. Tatu ni picha za karibu za namba ya chesesi, ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe na ile ya kibandiko, ili uone kama zinafanana.

Namba hiyo ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Ukiona mojawapo, acha. Magari yaliyoundwa Afrika Kusini huanza na A: Ranger ya kiwanda cha Silverton, Pretoria, huanza na AFA, na Hilux ya Durban huanza na AHT. Hilux ya Thailand huanza na MR0, ambapo alama ya mwisho ni sifuri. Tazama kama chuma kilichozunguka namba kimesuguliwa, kama rangi ya hapo ni mpya kuliko ya kando yake, na kama tarakimu zimekaa kwenye mstari mmoja kwa nafasi sawa. Tangu Septemba 2012 magari mapya yanayosajiliwa Afrika Kusini hupuliziwa vidoa vidogo mno vyenye namba ya utambulisho, ambavyo mkaguzi huvisoma kwa taa na lenzi maalumu. Mwizi hubadilisha kibandiko kwa urahisi, lakini kuondoa vidoa vyote hivyo ni kazi ngumu sana.

Ukishapata namba, ipeleke katika ofisi ya Interpol iliyo chini ya Jeshi letu la Polisi hapa Dar es Salaam, uombe ihakikiwe. Majeshi ya polisi ya ukanda huu, pamoja na letu, yamekuwa na umoja wao wa SARPCCO tangu mwaka 1995, na kutafuta magari ya wizi ni moja ya kazi zake. Gari likibainika kuwa la wizi baada ya wewe kulinunua, litachukuliwa ili lirudi kwa mwenyewe au kwa kampuni ya bima, fedha zako hazitafuatana nalo, na chini ya Kanuni ya Adhabu unaweza kuhojiwa kwa kupokea mali ya wizi.

Najua inavyokuwa vigumu kumwambia shemeji kwamba humwamini, na huna haja ya kusema hivyo. Mwambie kwamba benki au wakala wa forodha anataka karatasi hizo kwanza, jambo ambalo ni kweli kwa kila gari linaloingizwa kihalali. Mtu mwema atazituma. Huenda naye anadanganywa na mtu mwingine, na ukaguzi wako utamwokoa yeye pia.

*Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Kimara. Nimelipia Hilux SR kwa wakala halali Johannesburg, karatasi ninazo, na nataka kwenda kuichukua na kuiendesha mpaka nyumbani pamoja na rafiki yangu. Je, ni salama? Wazazi wangu wanasema Watanzania wanapigwa kule.*

Ndugu yangu, wazazi wako hawajasema jambo la kubuni. Mwaka 2008 ghasia dhidi ya wageni ziliua watu zaidi ya 60, na zikarudi mwaka 2015 na 2019. Hata hivyo, ghasia hizo hutokea zaidi katika mitaa ya makazi duni na maeneo ya biashara ndogo, na msafiri anayechukua gari na kuondoka hukabiliwa zaidi na hatari nyingine, ile ya kuporwa. Ukifika uwanja wa ndege wa O. R. Tambo, usibadilishe fedha nyingi hadharani na usimweleze mtu usiyemjua kwamba umekuja kuchukua gari. Wako wahalifu wanaowafuata wasafiri kutoka hapo, wengine wakitumia magari yenye taa za bluu kama za polisi. Ukisimamishwa na gari usiloliamini mahali pa giza, washa taa za tahadhari, punguza mwendo, na uendelee polepole hadi kituo cha polisi au cha mafuta kilicho karibu.

Endesheni mchana tu. Njia ya kawaida ni barabara ya N1 hadi Beitbridge, kisha Zimbabwe, Chirundu, Lusaka, Nakonde na Tunduma. Wengine hupita Botswana na kuvuka Zambezi kwenye daraja la Kazungula lililofunguliwa Mei 2021. Nchi zote hizo huendesha upande wa kushoto kama sisi. Kwa bima, kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, inatambulika Zimbabwe, Zambia na hapa kwetu, ijapokuwa Tanzania si mwanachama wa jumuiya hiyo tena, lakini haitambuliki Afrika Kusini wala Botswana. Afrika Kusini, majeruhi wa ajali hulipwa na mfuko unaotokana na tozo ya mafuta, lakini mfuko huo haulipi uharibifu wa gari, lako wala la uliyemgonga. Kata basi bima ya safari kabla ya kuwasha injini.

Mkishaingia Tunduma msijione mmefika, kwa kuwa barabara ya kutoka hapo ina malori mengi na miteremko, na Mikumi wanyama huvuka bila taarifa.

*Mhariri, mjomba wangu aliyeko Texas anataka kuniletea Ford F-150 na ananiuliza nichague XLT au Lariat. Nipo Mbezi. Nichague lipi?*

Tofauti ya matoleo hayo mawili ni ya starehe zaidi: Lariat ina ngozi na vifaa vingi, XLT ni ya kawaida na inatosha. Kwa upande wa usalama sina shaka kubwa nayo, kwa sababu sheria ya Marekani iliufanya mfumo wa kuzuia kuserereka kuwa wa lazima kwa magari ya mwaka wa toleo 2012 na kuendelea. Shaka yangu ni kuhusu mahali utakapoliendesha. Usukani wake uko kushoto, na kwenye Barabara ya Morogoro, unapotaka kulipita lori, utalazimika kutokeza karibu gari zima kabla ya kuona kinachokuja. Halafu tangu toleo la 2015 bodi yake ni ya alumini, ambayo hainyooshwi wala kuchomelewa kama bati la chuma ambalo mafundi wetu wamelizoea. Marekani hutoza pikapu zinazotoka nje ushuru wa asilimia 25 tangu mwaka 1964, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya watu wa huko kuendesha F-150 huku sisi tukiendesha Hilux. Vipuri na ujuzi wa mafundi umefuata mgawanyiko huo. Kabla hujamjibu mjomba, pita Gerezani uulize bei ya kioo cha mbele, taa moja na pampu ya maji ya F-150 ya mwaka anaoutaka, na uulize itachukua siku ngapi kufika. Majibu hayo mtumie mjomba, kisha mwamue pamoja.